Tisa kwa Kumi

"Eti wanaosomea udaktari wa meno hujipa alama wenyewe?" jirani mshona nguo aliwahi kumuuliza Kidoti. "Ningekuwa mimi, ningeshakuwa profesa!"

Kidoti, mwenye miaka kumi na miwili, alicheka sana. Lakini ilikuwa kweli. Kila jioni wakiosha vyombo, dada yake, aliyesomea udaktari huo, alimsimulia mambo ya chuo. Mwanafunzi akimaliza kutibu mgonjwa, alijaza fomu na kujipa alama, kisha mwalimu aliandika zake kando. Zikipishana mno mara tatu, mwanafunzi alirudia mwaka. Alama za dada zilikwisha kupishana mara mbili.

Basi Kidoti akajitolea kuwa mgonjwa wake chuoni, azibwe gego lake lililooza. Dada alimdunga sindano ya ganzi, akakwangua uozo. Sharti lilikuwa mwalimu aone tundu kabla halijazibwa, lakini mwalimu alikuwa na wagonjwa wa wanafunzi wengine.

"Aa, limeshakuwa safi hili," dada alijisemea. Akaliziba, akaandika tisa kwa kumi.

Mwalimu alipofika aliuliza, "Tundu lilikaguliwa?"

"Ndiyo, mwalimu. Lilikaguliwa na mwalimu mwenzako."

Mwalimu alitazama juu ya jino, akaona linang'aa, akaandika nane.

Ganzi ilipoisha, jino likaanza kupwita.

"Linauma?" dada aliuliza.

"Haliumi," alijibu Kidoti, maana alimpenda dada yake kuliko jino.

Wiki nzima alitafunia upande mmoja. Siku ya nane shavu lilivimba hadi jicho likafumba, na mwili ukawaka homa. Mama alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, mpaka chuoni.

Mwalimu alipiga picha ya jino, akatikisa kichwa. "Uozo uliachwa chini, umekula hadi mzizini. Hili halifai tena."

Jino likang'olewa, na usaha ukatoka. Maumivu yalipungua, lakini Kidoti alilia. Meno yake ya utotoni yalikwisha kung'oka yote. Hili halingeota tena.

"Mwanangu, lilianza kuuma lini?" mwalimu aliuliza.

Dada, aliyesimama kando, alimkazia macho ya kuomba. Kidoti akameza mate yenye damu.

"Siku ile ile. Na tundu hakuna aliyelikagua."

"Ya Rabi!" Mama akashika kichwa. "Mdogo wako wa tumbo moja!"

Mwalimu alimgeukia dada. "Mwanafunzi kukosea si ajabu, ndiyo maana nipo. Fomu ile si ya kujisifu. Ni ya kuliona kosa lako kabla mgonjwa hajaumia. Mimi nami nilitazama juu tu, nakiri." Kisha akamgeukia Kidoti. "Na wewe, ulimficha dada yako kosa lake ukidhani unamsaidia. Ungesema siku ile, angelirekebisha, na jino ungekuwa nalo. Mungu alitupa ulimi tuseme kweli mapema, ingali inafaa."

Dada alichukua kalamu na fomu ile, akakata tisa, akaandika moja kando ya nane ya mwalimu. Alijua zimepishana mara ya tatu, ni kurudia mwaka mzima. Akavua koti jeupe, akalikunja, akaliweka mezani, akatoka.