Chapati za Boga Zilizokuwa Zinakwenda Magu

"Zile chapati za boga unazonitumia Magu, leo nipikie hizo hizo," alisema Mama Mhoja huku akivua kandambili mlangoni. "Nimezifuata mwenyewe."

Amondi alikuwa hajamaliza hata kumpokea mzigo. Aliitikia, "Sawa, mama," akaingia jikoni. Maishani mwake hakuwahi kupika chapati za boga, wala kumtumia mama huyu hata moja.

Na mama hakuja hapa Kirumba kutembea. Mhoja, mwanawe, alishamwambia Amondi, mchumba wake, wazi: mama akirudi ameridhika, wazee wanapeleka ng'ombe wa mahari kwao Amondi, Rorya. Akirudi amenuna, uchumba umekwisha. Mama mwenyewe alikuwa na neno lake la siku nyingi, kwamba wasichana wa Kijaluo zaidi ya samaki hawajui kitu.

Amondi alimpigia Mhoja, aliyekuwa kwenye biashara yake ya dagaa katika soko la Mwaloni. Simu iliita mpaka ikakata. Akaandika:

"Mama yako anataka chapati za boga ninazomtumia. Nani anazipika?"

Jibu lilikuja haraka.

"Pika tu mpenzi. Boga, ngano, kitunguu, chumvi. Nitakueleza nikija."

Nitakueleza. Kueleza nini? Alikumbuka jioni ambazo Mhoja hurudi ananukia mafuta, shati lina unga mikononi, na akiulizwa anasema alipitia kwa Paskazia kunywa chai. Paskazia ni mjane mwenye banda la chapati palepale Mwaloni, mcheshi, na anajua kujipenda. Chai gani inayomwagia mtu unga?

Alichemsha boga, likajaa maji. Akaongeza unga, ukanata. Akaongeza tena, ukawa mgumu. Alitoka kutazama njia, akarudi, akafunua sufuria isiyo na kitu, akatoka tena. Chapati ya kwanza iliungua akiwa ameitolea simu macho. Njia rahisi aliiona: anyamaze, apokee sifa, aolewe kwa mkono wa Paskazia, kisha aishi akiomba isijulikane. Roho ilimuuma sana.

Mama alimega kipande, akatafuna polepole.

"Leo mkono umebadilika."

Mhoja alikuwa ndiyo kwanza anaingia, jasho linamtoka. "Mkaa wa siku hizi, mama," akadakia, akimtazama Amondi kwa macho ya kuomba.

Amondi aliweka sahani chini.

"Si mkaa, mama. Mimi chapati za boga sijawahi kupika mpaka leo. Ulizokula zimepikwa na mwanamke mwingine. Mwulize mwanao ni nani."

Mhoja aliinamisha kichwa. Mama akaanza kucheka, mpaka Amondi akahisi anatukanwa.

"Mwanamke yupi, mwanangu? Boga la zile chapati halichemshwi, linachomwa kwenye majivu ya moto. Tunaojua hivyo ni mimi na huyu Mhoja. Sikujaliwa binti. Mgongo uliponishika nilimfundisha yeye, tukimficha baba yake. Kwetu mwanaume akikaa mafigani anachekwa."

Amondi alimgeukia mchumba wake. "Na Paskazia?"

"Ananiazima jiko akishafunga biashara. Nilitaka jina lako liwe tamu Magu. Hapa niliogopa. Ukinikuta na mwiko utaniona si mwanaume."

"Kwa hiyo uliona heri nikuone na Paskazia?"

Mhoja aliomba msamaha kwa sauti ndogo, na Amondi hakuupokea papo hapo.

"Mimi nilijua ni mkono wa mwanangu tangu chapati ya kwanza iliyofika Magu," mama alimwambia Amondi. "Sikufuata chapati. Nilikuja kuona kama na wewe utanidanganya."

Akachukua simu, akampigia kaka yake, mzee Ngosha.

"Kaka, toeni ng'ombe. Mkwe chapati hajui, ila ulimi wake umenyooka." Kisha akamgeukia mwanawe. "Haya. Tuna njaa."

Mhoja alikunja mikono ya shati, akaingia jikoni. Uani majirani walikuwa wamekodoa macho, naye akanyoosha mkono kuufunga mlango. Amondi akauzuia kwa mguu.

"Uache wazi," alisema, akamsogezea kigoda.