Vifungo Sita Ndani ya Koti

Foleni ya lifti ilikuwa imefika mlangoni, na mshonaji alikuwa na magauni manane ya harusi begani.

"Fundi, itapona leo?"

"Itapona, dada. Ila usiigombeze, ina aibu."

Akacheka bila kutaka. Fundi lifti alivaa koti la kaki lililochanika kwapani, na macho yake hayakutulia mahali. Akambebea magauni kwa ngazi hadi ghorofa ya tano. Miezi mitatu baadaye ikawa ni simu kutwa: "Sindano wangu, umekula?" "Wewe ndiye wa kuulizwa, mwembamba kama uzi."

Jambo moja tu lilimkereketa mshonaji. Kila Alhamisi jioni fundi alizima simu. Akiulizwa, alijibu, "Nina watu wangu," na miguu yake ikaanza kuchezacheza chini ya meza.

Siku moja alimwachia lile koti amshonee kwapa. Mshonaji alipolipindua akakuta vifungo sita kwa ndani, upande wa moyo, kila kimoja na rangi yake, uzi umekaa ovyo. Kuna mwanamke, akawaza. Tena asiyejua hata kushika sindano. Wivu hauna subira. Akavifumua vyote, akavitupia kwenye kopo la vifungo.

Fundi alipolivaa, mkono ulipapasa kifua, ukasimama.

"Viko wapi?"

"Kamuulize aliyevishona."

Alitoka bila kuaga. Siku mbili simu haikupatikana. Alhamisi namba yake ikaita, lakini sauti ilikuwa ya mzee.

"Mwanangu, mimi ni dereva mstaafu. Vifungo nilivishona mimi. Kwenye kikundi chetu cha Alhamisi, kila mwaka ambao mtu anamaliza bila pombe, mwenzake anamshonea kimoja. Juzi alifika mlangoni pa baa, akanipigia. Hajanywa. Tuko naye hapa, nyuma ya zahanati."

Mshonaji alimwaga kopo sakafuni. Mamia ya vifungo. Sita vilikuwa bado na vipande vya ule uzi alioudharau.

Aliwakuta kwenye chumba cha darasa huko nyuma, wamekaa kwa duara, birika la chai katikati. Fundi hakuinua uso.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungeona chupa, usinione mimi."

"Mimi niliona mwanamke."

Dereva akakohoa, akajigusa kifua. "Mwanamke mwenyewe ndiye huyu hapa, mwanangu."

Duara zima likacheka. Mshonaji akatoa vile vifungo na sindano, mzee akamzuia.

"Kushona ni kazi yetu. Wewe tutungie uzi tu, macho yamechoka."

Akatunga mara sita, akijizuia asinyooshe ile mishono iliyopinda.

"Sindano," fundi akanong'ona, "maisha yote siwezi kuahidi. Naahidi leo. Utaolewa na mtu wa leo tu?"

"Na kesho?"

"Nitakuomba tena asubuhi."

"Basi leo, ndiyo."

Miguu ya fundi bado ilichezacheza chini ya kiti. Mshonaji akaweka mguu wake juu yake, taratibu, kama akanyagavyo cherehani.