Kurasa Zilizoshikana

Kila siku kabla ya shule Msomi alikuwa na kazi zake. Alichota ndoo mbili bombani, akafagia chumba, akamwogesha mdogo wake wa miaka mitatu, kisha akampeleka kwa mama jirani aliyewalea watoto wa mtaa. Mama yake alikuwa ameshaondoka alfajiri kwenda kiwandani, hata kitanda chake kilikuwa kimepoa. Jina hilo la Msomi alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa kila riwaya iliyoingia katika kabati la shule yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisoma. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kumtania, naye aliitika yote mawili.

Muhula ule kiwanda kilipata kazi nyingi. Mama yake alikuwa mjalidi wa vitabu, yaani kazi yake ni kukunja karatasi, kuzishona pamoja na kuzivisha jalada. Sasa alirudi jua limeshazama, vidole vimevimba. Basi kazi za jioni nazo zikamwangukia Msomi: kupika, kuosha vyombo, na kufua nguo za mdogo wake, ambaye alikuwa hodari wa kujimwagia uji. Mtoto akichoka, wajukuu zangu, hachoki kama mtu mzima. Mtu mzima husema nimechoka. Mtoto husema sina kitu, kisha analala amekaa.

Shuleni kwao kulikuwa na desturi moja nzuri. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja alisimama mbele kuwapendekezea wenzake riwaya aliyoipenda. Akimaliza, aliandika maneno machache kwenye kikaratasi, mwalimu akatia saini, kikabandikwa ndani ya jalada ili atakayekichukua kitabu baadaye ajue anaingia wapi. Vikaratasi vya Msomi viliaminika. Akiandika kwamba hadithi inachosha katikati lakini uvumilie, watu walivumilia.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ilikuwa zamu yake. Riwaya aliyoichagua ilikuwa imekaa mkobani wiki mbili. Alikuwa ameisoma hadi ukurasa wa kumi na tisa, na huo wa kumi na tisa aliusoma mara tano, maana kila alipoufungua usingizi ulimkuta palepale. Kengele ya mapumziko ilipolia alitamani kumwambia mwalimu ukweli. Halafu akafunua jalada, akaona vikaratasi vitatu vya waliotangulia. Cha kwanza kilisema utacheka mpaka mbavu ziume. Cha pili kilisema mjomba mwenye baiskeli ni kituko. Cha tatu, cha kiranja wa darasa, kilisema mwisho wake ni mtamu na hutajuta.

Msomi alijiambia kwamba watu watatu hawawezi kukosea kwa pamoja. Akasimama.

Aliongea vizuri, kwa kuwa ulimi wake haukuwa umechoka. Alisimulia jinsi mjomba alivyoteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki, akapita katikati ya kikao cha wazee huku akiwaamkia mmoja mmoja kwa adabu zote. Hayo yalikuwa kwenye ukurasa wa kumi na mbili, na darasa lilicheka. Yaliyobaki aliyaungaunga kutoka kwenye vile vikaratasi. Mwalimu wa maktaba alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha mapajani. Aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

Hapo Twiga akanyoosha mkono. Twiga alikuwa rafiki wa Msomi, msichana mrefu kuliko wote darasani, na mguu wake mmoja ulipinda tangu utotoni. Jumanne alikuwa aende hospitali, madaktari waukate mfupa na kuuunga upya, kisha alale chali wiki sita asishuke kitandani. Sheria ya kabati ilikuwa mwanafunzi mmoja kitabu kimoja kwa likizo nzima, na nyumbani kwao Twiga hakukuwa na kitabu kingine cha hadithi.

"Na mwisho wake ukoje?" aliuliza.

"Mzuri," Msomi alisema. "Utafunga kitabu unatabasamu."

"Basi nitachukua hicho. Wewe hujawahi kunipoteza."

Mwalimu akaandika jina la Twiga kwenye orodha. Msomi akakichukua kitabu kwenda kubandika kikaratasi chake nyumbani, akirudishe Jumatatu kitiwe saini. Njiani mkoba ulikuwa uleule wa kila siku, lakini bega lilimuuma.

Jumamosi mama alitoka kazini saa saba mchana. Alikaa kwenye kigoda, akatumbukiza mikono katika beseni la maji ya vuguvugu, akafumba macho. Msomi alikuwa mezani akikoroga gundi ya unga wa ngano. Kikaratasi kilikuwa kimeshaandikwa. Mdogo wake alikuwa ameomba kuonja gundi mara mbili akakataliwa, sasa amegeukia ukuta amenuna.

Mama alifuta mikono. Mtu aliyejalidi vitabu miaka kumi hawezi kukiona kimoja mezani akakiacha hivihivi. Alikichukua, akakipima uzito kwa kiganja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa juu. Kidole kikasimama.

Akasema kwamba kitabu hiki kilipita mikononi mwa mtu aliyechoka. Msomi hakuelewa, basi mama akamweleza. Karatasi moja kubwa hukunjwa mara tatu, ukatoka mkunjo mmoja wa kurasa kumi na sita. Mikunjo mingi ikishashonwa pamoja, mashine hukata kingo za kitabu ili kurasa ziachane. Lakini mkunjo mmoja ukiteleza chini kidogo wakati wa kushona, kisu hakiufikii, na kurasa zake hubaki zimeshikana kwa juu. Msomaji akifika hapo hana budi azikate mwenyewe, la sivyo atakuwa anachungulia kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya mfuko.

"Tazama," alisema. "Themanini na moja mpaka tisini na sita. Hazijawahi kufunguliwa."

Kisha akafunua jalada, akasoma vile vikaratasi vitatu. Akasoma na kile cha mezani, chenye mwandiko wa binti yake.

"Hawa wanne, mwanangu, walipita wapi kufika mwisho?"

Msomi alitaka kucheka, akashindwa. Alisema alikuwa amechoka. Alisema alidhani waliomtangulia wamesoma. Akaeleza habari za Twiga, hospitali na zile wiki sita, na kila alivyoendelea sauti ilizidi kushuka. Mama hakumkaripia. Alijua nani aliyeibeba nyumba muhula mzima, na hilo lilimchoma pia.

"Nikatie, mama," Msomi aliomba. "Zikishakatwa hakuna atakayejua."

Mama akachukua kisu cha mezani, kile butu cha kupakia siagi. Kikali hakifai kwa kazi hii, alisema, hutoka kwenye mkunjo kikala maandishi. Akazipasua kurasa mojamoja, polepole, na vumbi jeupe la karatasi likamwangukia mapajani. Alipomaliza, akakifunga kitabu na kumrudishia.

"Kweli, hakuna atakayejua ila wewe. Kesho nguo nitafua mimi. Wewe kasome."

Msomi alimkumbusha kwamba Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika. Mama alijibu kwamba anaijua kalenda, akarudisha mikono kwenye beseni.

Basi Jumapili Msomi alisoma tangu chai ya asubuhi, mgongo ameuegemeza ukutani na miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Mara mbili macho yalijifumba. Lakini uani alimsikia mama akifua, na kila alipokamua shuka aliguna kidogo, na ule mguno ulimrudisha Msomi kwenye ukurasa kuliko maji ya baridi. Mdogo wake alikuja kumuuliza kama kitabu kina simba. Alipoambiwa hakina, alikwenda zake.

Mwanzoni mzaha ulikuwepo kweli. Baada ya ukurasa wa themanini uliisha. Mjomba alianguka na baiskeli yake akavunjika nyonga, na zile kurasa zilizokuwa zimeshikana zote zilikuwa za kitandani. Mjomba mcheshi aligeuka mkali kama pilipili. Alilia usiku na mchana. Alimtupia mama yake kikombe. Mwishoni mwa kitabu aliinuka, lakini kwa gongo, na baiskeli hakuipanda tena. Alikaa barazani akitengeneza baiskeli za watu wengine.

Saa kumi jioni Msomi alifunga kitabu, na hakutabasamu hata kidogo. Alimwona Twiga amelala chali, mguu umefungwa bandeji, akifunua ukurasa baada ya ukurasa kutafuta kicheko alichoahidiwa, mpaka akutane na mtu aliyelala chali kama yeye. Kile kikaratasi chake alikichana vipande vinne.

Jumatatu aliomba nafasi ya kusema. Hakupamba neno. Alisema kwamba Ijumaa alikuwa amesoma kurasa kumi na tisa tu, akaeleza habari ya kurasa zilizoshikana, na kwamba kitabu chenyewe si cha kuchekesha. Kutoka nyuma mtu akasema, "Kumbe ni msomi wa kurasa kumi na tisa," na darasa likaangua kicheko. Msomi alisubiri mpaka kikaisha, masikio yakimwaka moto.

Kiranja hakucheka. Alikuwa akikwangua dawati kwa ukucha, na mwishowe akasema kwamba yeye naye hakusoma, alichukua maneno ya waliomtangulia akayaongezea sukari. Mwenye kikaratasi cha pili akakiri kwamba aliishia pale mjomba anapoteremka mlima. Aliyeandika cha kwanza alikuwa ameshahama shule, akaponea huko.

Msomi akamgeukia Twiga. Alikuwa amemtafutia riwaya nyingine, ya watoto waliofuga bata kwa siri ndani ya stoo ya shule. Hiyo alikuwa ameshaisoma zamani mara mbili, tangu mwanzo hadi mwisho. Alimwambia kwamba inachekesha kweli, ingawa sura ya tatu inavutwavutwa bure.

Twiga alivishika vitabu vyote viwili, kimoja kila mkono. Alikitazama kile cha baiskeli.

"Huyo mjomba alilia?"

"Alilia sana."

"Na pale alipotupa kikombe, mama yake alifanyaje?"

"Aliokota vipande. Kesho yake akamletea chai kwenye kikombe cha bati."

Twiga alicheka kidogo, kicheko kifupi cha puani. Kisha akasema mambo ambayo hakuwahi kuyasema darasani. Tangu barua ya hospitali ifike, baba yake anamwambia hutasikia kitu. Shangazi yake anamwambia utakuwa unacheka tu na wauguzi. Hata dereva wa jirani, ambaye hajawahi kulazwa siku moja, anamwambia ni jambo dogo. Usiku yeye halali, na hana wa kumwambia kwamba anaogopa, kwa sababu kila mtu ameshamjibu kabla hajauliza.

"Nimechoka kuambiwa nitacheka," alisema. "Nipe hiki. Sasa najua kina nini ndani. Cha bata niwekee, nitakisoma nikirudi."

Msomi alimtazama aone kama anasema hivyo ili kumwondolea aibu. Twiga alikuwa ameshaanza kusoma ukurasa wa kwanza.

Mwalimu wa maktaba aliweka kando madaftari yake. Kwanza alivibandua vile vikaratasi vitatu, na chini ya kila kimoja darasa zima likaona saini yake. Akasema hakuna haja ya kutafuta mwingine wa kulaumu, maana yeye alitia saini mara tatu kwenye kitabu ambacho hakuwahi kukifungua. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayesahihisha kazi za madarasa matatu. Akampa Msomi kikaratasi kipya, naye akaandika: Mwanzo unachekesha. Kuanzia ukurasa wa 81 kuna maumivu na hasira. Mjomba hapandi tena baiskeli, lakini anainuka. Nimekisoma chote.

Mwalimu alikisoma kwa sauti, akakibandika, kisha akamkabidhi Twiga kitabu.

"Kuchoka si aibu," aliwaambia. "Mimi nimechoka, wazazi wenu wamechoka, na nyinyi pia mnachoka. Ukiishia ukurasa wa kumi na tisa, andika nimeishia wa kumi na tisa, nikalala. Hilo ni neno la kweli na litamsaidia mwenzako. Lakini usimsifie mtu njia ambayo hujaipita. Anayekuomba umchagulie kitabu anakupa siku zake uzishike. Huyu mwenzenu alikuwa anatupa siku arobaini na mbili, na kidogo tuzitupe."