Mtoto Asiye na Harufu

Haya yalimpata wifi yangu, dada wa mume wangu, nami nilikuwepo. Ilikuwa mchana, jua kali, naye yuko kibarazani anashona sare za shule. Mwanawe mchanga alikuwa kwenye kapu kando ya cherehani. Mimi namsaidia kutia vifungo.

Mbwa wake alikuwa amepofuka kwa uzee, ndiyo maana tulimwita Miwani. Lakini pua yake! Mteja akiingia, Miwani hulamba pua mpaka ilowe, kisha humnusa vidole vya miguu, pindo la nguo, kiganja. Ndipo anampisha. Hakuwahi kumchanganya mtu na mwingine.

Siku hiyo akaingia mama mmoja nadhifu, mpole wa sauti. Hakuleta nguo. Alimkuta mtoto analia na wifi anahangaika na sindano iliyokatika.

"Nipe nikushikie, mama, umalizie kazi yako."

Nikaona huyu ana moyo mzuri. Ni wangapi humhurumia fundi?

Miwani akaja kumpokea mgeni. Alitembea moja kwa moja, akamgonga miguuni kama anayegonga nguzo. Akashtuka. Akanusa viatu. Akanusa tena.

"Wee Miwani, na pua nayo imestaafu?" wifi akacheka.

Yule mama hakucheka. Alikuwa ameweka pua kwenye utosi wa mtoto, anavuta pumzi. Akavuta. Akavuta. Sikumwona akitoa pumzi.

Kisha akamlaza mtoto kapuni, akaondoka bila kuaga, midomo ameifumba.

Miwani akapitisha pua kapuni, halafu akaanza kumtafuta mtoto. Chini ya meza. Nyuma ya mlango. Alikuwa analia, na mtoto yupo palepale, macho wazi.

"Wifi," mwenzangu akaninong'oneza, "hebu mnuse."

Nikainama. Nami ni mama, najua mtoto mchanga anavyonukia: maziwa, jasho la shingoni, mkojo kidogo. Nilisikia harufu ya kapu tu.

Akampa ziwa. Mtoto hakulitafuta. Hakulia. Vidole vyake vilikuwa vinapoa.

Miwani alikuwa amesimama mlangoni, pua juu, anasikiliza upepo kwa pua hiyo. Ghafla akashika njia. Tukamfuata, wifi amemkumbatia mtoto, mguu mmoja hauna kiatu.

Alipita buchani bila kugeuza kichwa. Kwenye njia panda, malori yalikuwa yametimua vumbi, akaipoteza harufu. Akaenda kushoto, akarudi, akaenda kulia, pua inapuliza mchanga, inavuta, inapuliza. Akaipata tena. Akakimbia.

Alituingiza kwenye nyumba ambayo haijamalizika kujengwa. Haina paa, haina milango. Chumba cha mwisho kilikuwa kitupu, jua limejaa mpaka kwenye pembe.

Na kilinukia mtoto.

Miwani akasimama mbele ya pembe moja. Manyoya yakamsimama. Hakubweka.

Hapakuwa na mtu pale. Lakini mtoto alikuwa amelegea, na wifi hakuwa na mwingine wa kumwendea. Akapiga magoti, akamwinua mtoto kuelekea ukutani.

"Toa, mama," akanong'ona. "Nakuomba. Chote ulichochukua, kitoe chote."

Akamsogeza mtoto karibu zaidi na ukuta.

Halafu pumzi ikatoka. Ya moto. Ilitupiga usoni sote wawili. Mtoto akapiga chafya, akalia, akaanza kutafuta ziwa kwa mdomo. Wifi akaanguka kwenye mchanga akilia na kucheka.

Ila pumzi ile haikukoma. Iliendelea kutoka, muda mrefu, baada ya mtoto kuanza kunyonya.

Sasa anatambaa, mnene, mtundu kweli. Jioni akilala, Miwani huja kumnusa utosi. Kisha husogea kando kidogo, akanusa tena, hewani, usawa wa kichwa cha mtoto. Hutikisa mkia. Halafu hulala mbali kidogo, kana kwamba anawaachia nafasi wawili.

Wifi hajamfukuza huyo wa pili. Siku hizi hutandika blanketi la pili, dogo, kando ya lile la mwanawe. Hatujalizungumzia.

Juzi nililala kwao. Asubuhi nikaliokota lile blanketi la pili nilikunje.

Katikati lilikuwa limelowa, na bado lina uvuguvugu.