Kevina, Leta Moto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kevina alifagia uwanja, akateka maji, akawasha moto jikoni. Chai ikiwa bado haijachemka, sauti ya baba yake ilikuwa imeshafika: "Kevina, leta moto."

Halikuwa kaa la moto tu lililotakiwa. Nyumbani kwa Dramadri, kama kwa jirani zake wengi pale Ludara, baba hakuinuka kwenda kujiwashia. Msokoto wa tumbaku ulikwenda jikoni mkononi mwa mtoto. Mtoto akautia mdomoni, akainamia mafiga, akavuta mara mbili tatu mpaka ushike, kisha akaupeleka uwanjani ukitoa moshi. Kevina aliifanya kazi hiyo tangu hajaanza shule. Wageni walimsifu kwa kuwasha bila kukohoa. "Mtoto iko na adabu," walisema, naye akafurahi.

Tumbaku yenyewe haikutafutwa mbali. Ilining'inia ghalani, nyuma ya chumba walimolala. Watu wa hapo wamelima jani hilo tangu enzi za babu zao. Walikata miti yao ili kulikaushia, na miti ile haikurudi. Watoto wao wamelifunga mafungu kwa vidole vilivyojaa utomvu hadi wakatapika. Mnunuzi akija na lori lake, huingia ghalani akiwa amejiziba pua kwa kitambaa. Yeye havuti. Watu wanaliona hilo kila mwaka, na kila mwaka wananyamaza.

Mwaka huu Acidri, mdogo wake Kevina ambaye hata kutembea alikuwa hajajua, alishikwa na kifua. Walimkimbiza Arua, hospitalini. Daktari alimsikiliza mtoto, akauliza, "Nani anavuta nyumbani?"

Juliet, mama yao, alimtazama mumewe. Dramadri akatazama chini.

"Basi mtoto huyu anavuta pamoja nawe," daktari alisema. "Ukiendelea, kifua chake hakitaweza."

Dramadri aliacha siku hiyohiyo. Hamu ilipomkamata alitafuna muwa, na uwanja ukajaa makapi. Mikono ilimtetemeka, usingizi ukamkimbia. Jirani yake Anguzu alikuwa akisimama kwenye ua na kumcheka.

"Dramadri, wewe iko nakula muwa mchana kutwa kama mtoto? Mwanaume gani?"

"Acha nile," Dramadri alijibu. "Mwanangu anapumua."

Kanisani aliapa mbele ya watu, wakamwombea na kumpongeza. Kevina hakuulizwa lolote na mtu yeyote. Nani angemuuliza? Yeye alikuwa mtoto wa kuleta moto tu.

Lakini wiki ile kichwa kilimuuma kama kinapasuliwa. Darasani hakusikia mwalimu anasema nini. Alimpiga kofi rafiki yake Hawah kwa ajili ya penseli, kisha akalia kuliko Hawah mwenyewe. Alijiona kama mtu aliyepoteza kitu, ila hakujua kitu gani.

Alasiri moja, Acidri akiwa mgongoni, aliingia ghalani kuchukua jembe. Harufu ya majani ikampata. Mkono wake ukavunja kipande kabla hajaamua. Alikikunja kwa karatasi ya daftari, akaenda kuinamia mafiga, akavuta. Kichwa kikatulia papo hapo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ndipo woga ulipomshika. Kumbe aliyekuwa akivuta miaka yote si Baba peke yake.

Aliapa kuacha. Akaacha siku chache, akificha machozi usiku chini ya shuka. Jumamosi moja mama yake alimgombeza kwa sufuria iliyoungua, na jioni akajikuta tena ghalani. Alijichukia. Akaacha tena, akaanguka tena. Na kila alipoanguka Acidri alikuwa mgongoni, kwa sababu Acidri alikuwa mgongoni mwake kila siku akitoka shule.

Kifua cha mtoto kikarudi, kibaya kuliko mwanzo. Juliet alimbeba mpaka kituo cha afya. Sista Stella Kiden, muuguzi wa pale, alimpa dawa, kisha akainusa shuka aliyobebewa.

"Mama Kevina, hii inanuka tumbaku."

Juliet alirudi nyumbani amekaza meno. Alipekua jikoni, akakuta kishungi cha msokoto nyuma ya figa.

"Baba Kevina, uliapa mbele ya watu."

"Sijavuta."

"Kwa hiyo ni kuku waliovuta?"

"Juliet, nakwambia sijavuta."

Anguzu alikuwa ameshafika kwenye ua. "Mimi nilisema," alicheka. "Mutu ya tumbaku haachi. Leta hayo makapi yako, tulishe mbuzi."

Dramadri alimgeukia binti yake. Uso wake ulikuwa umechoka sana. "Kevina, mwanangu, wewe ndiye uliye hapa jikoni asubuhi na jioni. Umewahi kuniona nikivuta tangu tulipotoka Arua?"

Maneno mawili tu yangetosha: ni mimi. Kevina alifungua mdomo. Akamtazama mama yake, akamtazama Anguzu na meno yake, akatazama vidole vya miguu yake.

"Sijui, Baba."

Dramadri aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa amefiwa.

Asubuhi iliyofuata hakwenda shamba. Juliet alikuwa jikoni na Acidri mapajani; mbavu za mtoto zilididimia kila alipovuta pumzi, na pumzi yenyewe ilipiga mluzi. Sista Stella Kiden alikuwa amefika kumwangalia, na Anguzu alikuwa amesimama kwenye ua kama kawaida yake. Dramadri akaingia ghalani, akatoka na jani, akaketi uwanjani akalisokota mbele ya wote.

"Nilipoacha mlinicheka," alisema, wala hakupaza sauti. "Nilipokuwa sivuti mmeniita mwongo. Sasa nafanya bidii hii kwa ajili ya nani? Kevina, leta moto."

Kevina aliupokea msokoto. Miguu ilimpeleka jikoni, maana ilikuwa imezoea njia hiyo. Aliinama, akautia mdomoni. Mate yakamjaa. Alitamani kuvuta kuliko alivyotamani chakula. Pembeni yake Acidri alipiga mluzi, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

Akautoa msokoto mdomoni. Akaweka kaa kwenye kigae, akatoka navyo vyote viwili.

"Huu haujawaka," baba yake alisema.

"Sitauwasha, Baba. Kile kishungi ni changu." Aliweka kigae chini, miguuni pa baba yake. "Ni mimi niliyekuwa navuta. Nikiwa na Acidri mgongoni. Niliacha nikashindwa, nikaacha tena nikashindwa. Jana nilijua hujavuta, nikasema sijui."

Juliet alitoka jikoni na mtoto kifuani. Hakuna aliyecheka. Dramadri aliinuka, na Kevina akafumba macho akingoja kofi.

"Nani alikufundisha?" baba yake aliuliza.

"Wewe, Baba. Kila asubuhi."

Kofi halikuja. Alipofumbua macho, alimkuta baba yake ameketi tena, amejishika kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha akaondoa mikono, akachukua kigae, akalimwagia kaa maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye kikombe. Likalia, likazima.

"Mtagombana baadaye," Sista Stella Kiden alisema. "Huyu mtoto anatakiwa hospitali ya Koboko, na anatakiwa sasa."

Walikwenda kwa bodaboda, Juliet na mtoto katikati, Sista nyuma yao. Dramadri na Kevina walibaki wakitazama vumbi la barabara. Ilikuwa siku ndefu. Baba hakumgombeza, alimpa jembe, naye akachukua la kwake, wakachimba shimo nyuma ya choo. Wakabeba majani yote ya ghalani, fungu baada ya fungu, wakayafukia, ingawa ndiyo yangeuzwa mwaka huo.

"Mimi pia niliwahi kuacha kabla hujazaliwa," Dramadri alisema akishindilia udongo. "Nikaanguka msibani. Nilificha, kwa sababu Anguzu yule yule alikuwa anacheka. Nikaendelea miaka yote hii. Kevina, hamu ikikukamata, usiende popote. Niite mimi."

"Na wewe ikikukamata?"

"Nitakuita wewe."

Acidri alirudi kutoka Koboko amekonda lakini anapumua. Kifua chake bado kilipiga mluzi kukiwa na baridi, na mluzi huo ulimchoma Kevina kila alipousikia. Kuacha hakukuwa rahisi. Kuna jioni alilia na kuuma shuka. Mama yake akakaa naye, akamsuka nywele mpaka hamu ikapita. Shuleni alimwomba Hawah radhi na kumweleza ukweli, na Hawah akawa anamletea muwa.

Siku Sista Stella Kiden alipokuja kumsikiliza mtoto kifua, Anguzu naye alikuja na msokoto wake, akaunyoosha kwa Kevina kama zamani.

"Mtoto, niwashie hapo."

"Mzee, moto wetu ni wa kupikia tu," Kevina alisema. "Muwa upo, ukitaka."

Dramadri akacheka, akamsogezea Anguzu kigoda. Sista aliweka vyombo vyake mfukoni.

"Kevina, sikiliza, na nyinyi wakubwa msikilize zaidi," alisema. "Kuacha kisha kuanguka ni jambo linalowapata wengi, na anayeanguka anaweza kuanza tena siku hiyohiyo. Wewe ulichelewa kwa sababu ulificha, na kuficha huko nusura kumuue mdogo wako. Lakini ulificha kwa sababu uliona jinsi watu wazima walivyomcheka baba yako alipojaribu. Mtu akisema anaacha, msaidieni. Akianguka, mwambieni ukweli na mkae naye. Na msimtume mtoto tena kuwawashia sumu yenu."

Anguzu aliutazama msokoto wake. Hakuutupa, ila aliurudisha mfukoni.

Jua lilipokuwa linashuka, Kevina alisikia sauti ya baba yake kutoka uwanjani. Ilikuwa na mtetemo kidogo, naye akajua mara moja hamu imemshika.

"Kevina."

"Nakuja, Baba," alijibu, akachukua kipande cha muwa na kisu.