Mbele ya Macho ya Boaz

Boaz Wangila alikuwa akimpimia mteja misumari dukani, karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 56, aliposikia kicheko kikipenya kelele za soko. Akainua kichwa. Msichana mwenye gauni la manjano na nywele zilizosukwa hadi kiunoni alikuwa amekanyaga rangi iliyomwagika mlangoni, naye alikuwa anajicheka.

"Sasa nimekuwa na kiatu cheusi na kingine cha bluu," akasema.

"Pole. Leta nikifute."

"Utanilipisha?"

"Nambari ya simu tu."

Aliitwa Akoth, msusi wa Kibera, amekuja kununua rangi ya saluni. Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Muongo wewe!"

Kila Jumapili alimtembelea Boaz kwake, mtaa wa Satellite. Lakini jua likianza kuzama aliondoka mbio, hata chakula kikiwa jikoni.

"Kuna mtu anakungoja?" Boaz akamwuliza siku moja. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Hakuna mtu, Boaz."

"Basi kaa tule."

Akakaa. Jioni nyingi baadaye akakaa pia, na Boaz akajiona mshindi. Kisha Akoth akaanza kukonda. Akaacha kuja, akaacha kushika simu. Boaz akanuna, akaamini amepata mwingine, hadi Eddah, msusi mwenzake Akoth wa saluni, alipompigia.

"Wewe umenuna huko na Akoth hainuki kitandani. Kuja!"

Alimkuta amejifunika leso, macho yamezama.

"Nilizaliwa na virusi vya Ukimwi," Akoth akasema. "Dawa nameza kila jioni. Kwako niliogopa kuzibeba, chupa inalia kwa mkoba. Nikaruka siku moja, zikawa mbili. Nikaonja kuwa mtu wa kawaida, nikaziacha kabisa. Ndio maana nilikataa kulala kwako, nisije nikakuambukiza. Sasa umejua. Enda ukitaka."

Boaz hakwenda. "Ulikuwa unameza hata ukiwa mtoto?"

"Hata siku tulilala njaa. Zinachoma tumbo, natapika, nyanya ananipa tena. Shule ya bodingi nilimezea chooni, wasichana wasione."

Boaz aliitazama mikono ile myembamba. Yeye hata dawa za malaria huziacha katikati, homa ikishuka tu. Na huyu, maisha yake yote, jioni baada ya jioni, amekuwa akipigana vita ambavyo hakuna aliyemshangilia. Akatoka.

Akoth aliposikia mlango, aligeukia ukuta, akalia.

Lakini Boaz alirudi na uji wa moto. "Kesho tunaenda kliniki pamoja. Leo kunywa."

Daktari alimwanzishia dawa tena. Mwili ukasita, kisha ukakubali. Miezi ikapita, mashavu yakajaa, na vipimo vikaonyesha virusi vimelala kiasi cha kutoonekana.

Jioni moja, Satellite, ugali ukiwa mezani, Akoth akatoa chupa mkobani. Zaidi ya nyanya yake na Eddah, hakuna aliyewahi kumwona akimeza. Akaweka kidonge kiganjani.

Boaz akajikuta amesimama. Akavua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Mbona umesimama?"

"Sijui. Sijawahi kuona mtu mwenye nguvu hivi. Akoth, tuoane."

"Si ungoje nimeze kwanza!"

Akameza. Akanywa maji yote. Halafu akasema ndiyo.