Mwalimu Mmoja, Skuli Mbili

Kila asubuhi Thuraiya hupika muhogo kabla ya kwenda kazini. Asubuhi moja binti yake, Maisa, alikaa jikoni anafanya hesabu. Maisa alikuwa kidato cha nne. Mtihani wa taifa ulikuwa mwisho wa mwaka.

"Zamani nikiziogopa hesabu, mama," alisema Maisa. "Lakini Mwalimu Ashraf anafundisha mpaka ufahamu."

Thuraiya aliendelea kukuna nazi.

Thuraiya ni afisa elimu wa wilaya ndogo kaskazini mwa Pemba. Kazi yake ni kuona kila skuli ina walimu, vitabu na madawati. Mwaka huo bajeti ilikuwa finyu. Mwezi wa kwanza, mwalimu wa hesabu wa skuli ya Kilimajani alistaafu. Fedha za kuajiri mwengine hazikuwapo. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa karibu ni mmoja tu. Naye ni Ashraf wa Mkunguni, skuli anayosoma Maisa.

Barua ya kumtaka Ashraf afundishe skuli zote mbili ilikuwa tayari. Ilikaa mezani kwa Thuraiya wiki sita. Kila siku alisema ataitia saini kesho.

Siku moja Bakar alifika ofisini. Bakar ni mkulima, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya skuli ya Kilimajani.

"Afisa, kipindi cha hesabu watoto wetu hawana mtu," alisema. "Wengine wameanza kutoroka. Wanakwenda pwani kuchokoa pweza. Wananiuliza mwalimu atakuja lini. Niwajibu nini?"

Thuraiya aliona haya. Alitia saini palepale. Nakala zake zikapelekwa skuli zote mbili.

Alidhani kazi imekwisha, lakini mambo yaliharibika. Barua haikutaja siku wala saa. Ashraf alikwenda Kilimajani asubuhi na kurudi Mkunguni mchana. Gari za abiria zilichelewa, na mara nyingi alifika kipindi kimeshapita. Huku wanamsubiri, na kule wanamsubiri.

Wiki ya pili Maisa alirudi nyumbani kanuna.

"Watu wanasema skuli yetu itafungwa," alisema. "Wanasema ndiyo maana mwalimu anaondolewa kidogo kidogo. Wananiuliza mie, kwa kuwa weye ni mama yangu."

"Skuli haifungwi," alijibu Thuraiya.

"Sasa mbona hukuwaambia?"

Jioni Thuraiya alipiga hodi kwa jirani yake, Bi Kazija. Bi Kazija ni muuguzi mstaafu. Alikuwa barazani anachambua mchele. Thuraiya alimueleza yote.

"Sisi tulikuwa wauguzi wawili, na vijiji saba," alisema Bi Kazija. "Gari mara nyingi haina mafuta. Basi kila kijiji tulikipa siku yake. Mama anajua kuwa Jumatano ya pili muuguzi yupo. Siku hiyo humkosi. Siku nyengine huna haja ya kumsubiri, unafanya kazi zako."

"Na siku mlizipanga nyinyi?"

"Mwanzo tulizipanga ofisini. Tukafika, hatukukuta mtu. Mama wote wako bondeni wanapanda mpunga. Ndipo tukenda kuwauliza." Bi Kazija aliweka ungo chini. "Mwanangu, kitu kichache kikigaiwa kwa siri, kila mtu huona kapunjwa. Waite watu. Waambie kilichopo na kisichokuwapo. Kisha mpange pamoja."

"Nitawaita, Bi Kazija."

"Lakini nikuulize. Yule mwalimu kastaafu mwezi wa kwanza. Mbona barua imetoka mwezi wa tatu?"

Thuraiya aliinama. "Kwa ajili ya Maisa," alisema polepole.

Bi Kazija hakumgombeza. "Basi na hilo waambie. Wakilisikia kwa mwengine, hawatakuamini tena."

Jumamosi wazazi wa skuli zote mbili walikutana Mkunguni. Ashraf naye alikuwapo. Thuraiya alisimama akatoa salamu.

"Skuli haifungwi," alianza. "Lakini mwaka huu sina fedha za kuajiri mwalimu wa hesabu. Nimeomba, na sijui nitapewa lini. Mwalimu ni huyu mmoja. Na jambo jengine. Binti yangu anasoma hapa Mkunguni. Kwa ajili yake niliichelewesha barua wiki sita. Watoto wa Kilimajani walikosa masomo kwa sababu yangu. Naomba radhi."

Bakar alisimama akamtazama.

"Mie hilo limenikera," alisema. "Lakini umelisema mwenyewe. Haya, tupange."

Thuraiya alimuomba Ashraf azungumze kwanza.

"Kufundisha siogopi," alisema Ashraf. "Kinachonichosha ni njia. Ningekuwa sehemu moja siku nzima, ningefundisha vizuri."

"Basi lala kwetu," alisema Bakar. "Chumba kipo. Njoo Jumatatu, uondoke Jumanne jioni."

Mama mmoja wa Mkunguni, Mwatum, aliinua mkono. "Na sisi tupate Jumatano, Alkhamisi na Ijumaa?"

"Ijumaa ni nusu siku," alisema Thuraiya. "Kwa hiyo mtapata siku mbili na nusu, na Kilimajani siku mbili. Lakini Kilimajani wana wanafunzi wachache. Mnaonaje?"

Walikubali. Ashraf naye aliahidi kuacha mazoezi kila anapoondoka. Siku ambazo hayupo, mwalimu mwengine atawasimamia watoto wayafanye. Ratiba iliandikwa kwa maandishi makubwa, ikabandikwa kwenye skuli zote mbili.

Haikuwa rahisi. Maisa alilalamika kuwa siku za hesabu zimepungua. Baadaye alianza kufanya mazoezi na wenzake wanne kila Jumatatu. Kule Kilimajani, watoto waliacha kutoroka.

Matokeo yalipotoka, Maisa alifaulu hesabu. Kilimajani walifaulu kumi na tisa kati ya ishirini na sita. Saba walifeli, na Thuraiya hakuwasahau. Aliyaandika majina yao na kuomba wapate masomo ya ziada.

Mwaka uliofuata zilienea habari kuwa mwalimu wa Kiingereza wa Mkunguni anahama. Asubuhi iliyofuata Bakar na Mwatum waliingia ofisini pamoja.

"Mmekuja kulalamika?" aliuliza Thuraiya.

"La," alijibu Mwatum, akavuta kiti. "Tumekuja kabla ya barua. Tuambie, walimu wa Kiingereza wamebaki wangapi?"